Waya Zilizosokotwa Kushoto

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekupa nafuu na kwamba Mama bado anakuficha chumvi. Mimi ni mzima, nanenepa mpaka ovaroli inalalamika.

Habari kubwa ni kwamba juzi nilizuia kivuko kisiondoke. Ndiyo, kivuko chako kile kile ulichokifanyia kazi mpaka ukastaafu. Abiria walikuwa wameshapanda, nami nilikuwa napita kantini kwenye ukaguzi wangu, nikasikia harufu ya plastiki iliyopata moto ikitoka ukutani. Nikazima umeme wa upande ule, nikamwendea nahodha nikamwambia hatuendi. Aliniuliza kama nimeona moshi. Nikamjibu kwamba tukingoja kuuona, tutauona tukiwa katikati ya maji, na heri nusu shari kuliko shari kamili. Akasema nikikosea nitafute kazi nyingine. Nikakubali, ila abiria washuke kwanza.

Walishuka wakinisema. Mama mmoja mwenye kapu la vifaranga aliniombea nizeeke bila mume. Sina haraka hiyo, lakini usimwambie Mama.

Tulipobandua ukuta, mbao za ndani zilikuwa zimeungua, nyeusi kama sufuria ya kuni. Nahodha akaniagizia chai. Tangu hapo mabaharia wananipisha kwenye ngazi, na sikatai.

Sasa kaa chini, Baba. Waya zile ziliunganishwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa tepu tu, bila kisanduku cha kukinga maungio, na zilisokotwa kuelekea kushoto. Kivuko hiki kimekuwa na fundi mashoto mmoja tu, naye ndiye aliyenifundisha kushika koleo. Nililia, sikufichi. Najua vipuri mlikuwa hamletewi, na safari ya kesho yake ilikuwa inakungojeni. Ulikusudia kurudi kuzirekebisha. Kazi hiyo haina kesho, Baba, wewe mwenyewe ulikuwa ukiniambia.

Nahodha alipouliza ile ni kazi ya nani, nilimjibu wazi kwamba ni ya baba yangu. Nikaongeza kwamba atakuja mwenyewe kutuonyesha waya nyingine za namna hiyo ziliko, kwa sababu hasahau alipopitisha mkono wake. Kivuko hakitang'oa nanga mpaka ufike. Gari litakufuata Jumatatu asubuhi.

Msalimie Mama, na jirani anayekushinda bao.

Usije na aibu. Njoo na miwani.

Ni mimi binti yako,
fundi umeme wa kivuko