Haikuwa Pua

Usoke, Jumamosi, wiki ya mwisho ya likizo ya Juni. Asubuhi baridi, kisha upepo mkavu tangu saa nne.

Leo sina furaha, na sitajifanya ninayo.

Naandika kwa simu ya mama, nimekaa nyuma ya jiko. Wanaonisoma hapa mtandaoni mara kwa mara wanaijua habari ya pua yangu. Miaka mitatu sasa sinusi haijanipa nafasi. Huanza kwa kuziba upande mmoja, kisha paji la uso linakuwa zito, kisha meno ya juu yanauma kama yameoza, na hayajaoza. Nikiinama kufagia napata kizunguzungu. Naiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, asubuhi na jioni, kama daktari alivyonielekeza. Kuna wiki nzuri. Kuna wiki nalala nimekaa.

Ambalo sijawahi kuliandika hapa ni lile jingine.

Lile jingine huwezi kulionyesha kwa kidole. Linakuja tu. Moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, kifua kinabana, nami nakuwa na uhakika kabisa kwamba nakufa sasa hivi, hapa nilipo, mbele za watu. Daktari yuleyule wa pua, mama alipotoka kwenda dirisha la dawa, aliniambia kuwa hiyo ni hofu, kwamba ni ugonjwa kama magonjwa mengine, unatibika, na kwamba niwaeleze wazazi. Nilisema sawa. Sikuwaeleza.

Mwezi wa nne nilianguka mstarini shuleni. Nipo kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana, Tabora mjini. Nilipoanguka mimi, wakaanguka na wengine watatu waliosimama karibu nami, wakilia. Waliosoma bweni wanajua kinachofuata. Tuliingizwa bwaloni, wenzetu wakaja kutuombea wametushika vichwa, na kufika jioni shule nzima ilikuwa ikisema ni mapepo, tena yalianzia kwangu. Matroni akampigia baba simu aje anichukue. Alisema nirudi baada ya likizo ya Juni kama nimepona. Nikianguka tena, nitafutiwe shule ya kutwa karibu na nyumbani.

Naipenda kemia kuliko somo lolote, na shule yangu ina maabara. Sitaki kuondoka pale. Sijui niseme vipi ili ieleweke ni kiasi gani sitaki.

Njiani kurudi, baba aliniuliza kilichotokea. Nikamwambia ni pua. Vumbi la uwanjani, nikasema, liliniziba nikakosa hewa.

Pua ni ugonjwa wenye heshima. Unapiga chafya, watu wanakuona, wanakuletea maji ya moto.

Baba aliniamini, akawaza kama mkulima anavyowaza. Ikiwa vumbi ndilo linaloniangusha, basi chumba cha kuchambulia tumbaku ndicho kitakachosema kama nimepona. Nikimaliza wiki humo bila kuanguka, Jumatatu ananirudisha shule. Ningemlaumu nini? Mtihani niliutunga mwenyewe.

Kwa msomaji ambaye kwao hawalimi tumbaku: jani likishakaushwa banini, kwenye kibanda chenye moto, huwa kavu kama karatasi iliyoungua, ukiligusa linavunjika. Kwa hiyo tunalinyunyizia maji kidogo, likilainika tunaingia chumbani na kufunga mlango na dirisha ili upepo usiuchukue ule unyevu. Humo tunakaa chini kwenye turubai, sisi wanne, baba, mama, shangazi na mimi, tukipanga majani kwa rangi na ukubwa. Harufu ni nzito, vumbi lake linakaa kooni hadi jioni, na mlango haufunguliwi ovyo.

Jumatatu hadi jana nilivumilia. Kila nilipohisi linakuja, niliomba kutoka kupenga, nikaponyoka kwa upenyo mdogo na kurudi baada ya dakika tano. Shangazi, ambaye huniita mayo, yaani mama kwa lugha ya kwetu, hana dogo. "Hiyo pua yako, mayo, ingekuwa ng'ombe tungeshaipeleka mnadani Igunga." Baba akacheka. Nami nikacheka, maana kicheko chao kilikuwa kinanificha vizuri.

Leo pua ilikuwa wazi.

Hili ndilo linaloniuma. Hewa ilipita pande zote mbili, safi, ambayo sijaipata tangu Pasaka. Nikajiambia leo siku yangu. Baba alikuwa na majani ya katikati ya mche, yale ya rangi ya chungwa, mazuri kuliko yote tuliyovuna mwaka huu, ameyalaza mbele yake.

Likaja hivyo hivyo.

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka komeo. Nilifungua mlango, nikafungua na dirisha, nikashika nondo kwa mikono miwili. "Funga, mayo, upepo huo," shangazi akasema. Mama akaliita jina langu. Aliposogea kuufunga mlango nilipiga kelele ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Nikasimama pale nimeziba njia, sijui kwa muda gani. Nilipotulia, baba aliinua jani moja la juu, likavunjika mkononi mwake.

Shangazi hakutania. Mama alitoka nje.

Baba akakusanya vipande, akavitia kwenye kikapu cha daraja la chini, pamoja na majani ya madoa. Kisha akachukua maji, akaanza kuyanyunyizia yaliyosalia. Nikaenda kumshikia ndoo.

"Vumbi?" akauliza, bila kunitazama.

Ningeweza kuitikia. Angenihurumia, angenitafutia shule ya kutwa, na ningekaa huku maisha yangu yote nikiwa binti mwenye pua mbovu.

"Hapana, baba. Leo haijaziba."

Akasimamisha mkono. Nikamweleza yote nikiitazama ndoo. Moyo, vidole, kufa ambako si kufa. Nilidhani atanikatiza, hakunikatiza.

"Na mwezi wa nne?"

"Haikuwa pua. Pua naumwa kweli, lakini siyo iliyoniangusha."

"Daktari anajua?"

"Anajua. Alisema niwaambie."

"Lini?"

"Mwezi wa pili."

Alinyunyiza tena, mara mbili au tatu, kabla ya kusema: "Miezi minne unanipa pua."

Nikaisogeza ndoo karibu naye.

Tulipomaliza, alikung'uta mikono, akasema Jumatatu tutakwenda shule, mimi na yeye. Yeye hawezi kumweleza mkuu wa shule kitu asichokiona. "Utasema wewe. Mimi nitakaa hapo." Baadaye, akiwa tayari anaondoka: "Wakikataa, watakuwa wameukataa ukweli, siyo uongo."

Sijui kama hiyo ni huruma au adhabu. Labda baba naye hajui.

Mama hajanisemesha tangu mchana. Nimemsikia akimwambia shangazi kwamba tungeanza kwa mchungaji. Shangazi akajibu, "Mchungaji aje, wifi, na daktari naye tumrudie. Kwani wanagombana?" Mama akachochea moto. Anapika, na moshi wa jiko umeanza kunirudishia uzito wa paji la uso. Nikitoka hapa nitaiosha pua.

Naiogopa Jumatatu. Naiogopa ofisi ile, na mlango wake utakaofungwa nyuma yetu, na macho ya matroni. Linaweza kuja palepale, katikati ya maneno yangu, na hapo hakuna atakayesubiri nimalize. Kuna wenzangu ambao hawatalala tena kitanda cha karibu na changu, hata nikikubaliwa. Hayo nayajua.

Najua pia kwamba leo lilikuja, nikadhani nakufa, na sikufa. Daktari alisema linatibika. Neno hilo nimelifungia miezi minne, na leo baba amelisikia.

Tangu saa kumi najaribu kuandika sentensi nitakayoanza nayo. Nne nimezifuta. Ya tano bado sijaifuta: Shikamoo, mwalimu. Naumwa ugonjwa wa hofu, na naomba kubaki shuleni.