Kibandiko Chini ya Shati

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kliniki. Daktari kafurahia majibu ya damu kama mzazi aliyeletewa ripoti nzuri ya shule. Homoni ya kiume imeshuka mpaka chini kabisa. Ndivyo tunavyotaka, kasema: hii ya kike inayopita kwenye kibandiko cha dawa kiunoni inaudanganya ubongo, korodani zinaacha kazi, saratani ya tezi dume inakosa chakula. Nikamshukuru. Kisha nikakaa kituoni, nikaacha mabasi yapite.

Jumatano, 5 Machi

Joto limenipanda nikiwa kwenye cherehani. Jasho hadi kwenye kitambaa cha mteja! Nimejifungia, nikajipima kifua kwa tepu. Kimeongezeka. Tena kinauma kikiguswa. Nimejishonea shati pana, mifuko miwili mbele. Fundi mwenzangu kasema nimenawiri, lazima nina pahali ninapokula kwa siri. Tumecheka. Mimi nimecheka kumzidi.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu kahamia chumba cha watoto. Eti nakoroma. Lini nimekoroma? Nilimwambia ni tezi tu, nimepewa dawa ya mkojo. Saratani sikuitaja. Sasa anadhani nimemchoka. Jana alijipaka manukato, nikageukia ukutani — hamu haipo, nitoe wapi? Nina upweke, basi. Namkumbuka mtu ninayemsikia akikohoa chumba cha pili.

Jumapili, 9 Machi

Kibandiko hakipo kiunoni! Jasho limekibandua. Nimepekua shati, kitanda, sakafu ya duka. Hakuna.

Jumanne, 11 Machi

Kakiona mke wangu, kwenye shuka, akifua. Kampelekea dada yake muuguzi. Shemeji kamwambia ni homoni ya kike, dawa ya wanawake. Basi akajumlisha mwenyewe. Jioni kasimama mbele yangu, kibandiko kwenye ncha ya kidole. Hakupandisha sauti.

"Huyu mwenzangu ni nani, baba watoto?"

Nikamwomba anisubiri kidogo. Nikajifungia humu chumbani.

Aibu kuandika hili — nimefikiria kukubali. Mwanamume mwenye hawara anaeleweka. Angelia, angeita wazee, nami ningebaki mwanamume.

Bado yuko mlangoni. Namsikia anavuta kamasi. Kasema kama ni mdogo kuliko yeye nimwambie tu, atavumilia.

Masikini mke wangu.

Nimeanza kufungua vifungo vya shati, akione kifua mwenyewe. Kazi yangu ni vifungo, leo vidole havivijui. Kimebaki cha mwisho. Komeo nimetoa. Bado sijamwambia aingie.