Kisima cha Mama Ekai

Lodwar, Alhamisi, Septemba 2013

Na nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloniumiza. Huku kwetu kisima cha mchangani, kile kinachochimbwa kwenye mto uliokauka, ni cha aliyekichimba. Ukitaka maji, unamwomba. Mimi mwenyewe nilimwomba Mama Ekai, akanipa kata iliyojaa, ndipo nikatoa simu na kupiga picha.

Kwenye ramani ya kaunti nikakiandika "maji ya umma". Tukaiweka Facebook, wakubwa wakatusifu.

Leo amekuja ofisini kwa miguu. Wenye ngamia walifika kwake wakiwa na ile ramani kwenye simu, wakanywesha kutwa nzima, kisima kikaporomoka.

"Wewe uliomba, mzee," akaniambia. "Hao hawakuomba. Walisema serikali imeshawapa."

Nikaanza kumweleza kwa nini takwimu za serikali ziwe wazi kwa kila raia. Nilieleza polepole, kwa mifano, kama nilivyozoea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mbuzi wake watakunywa wapi kesho.

Nikakifuta kwenye ramani mbele yake, nikamwonyesha kwamba hakipo tena.

Sikumwambia kwamba ile ramani ya kwanza imeshasambazwa mpaka Kakuma, na kwenye simu za watu siwezi kufuta chochote. Nilitaka kumwambia, lakini alikuwa ameshaanza kunishukuru.

"Ejok, ni vyema, mzee," akasema, akiinuka. "Basi nitachimba tena palepale."

Nami nikamfungulia mlango.