Hatua Nne za Kumpokea Mgeni

Jumamosi, 4 Mei 2024

Mwalimu Opoku, yule wa elimu maalumu, kaja tena na karatasi zake. Anasema mtoto mwenye hali ya Down kama Serwaa wangu anajua mengi. Kinachomsumbua ni kupanga, kukumbuka kinachofuata, na kujizuia. Tumpe hatua kwa picha. Tumsubiri. Tusimfanyie. Nimemsikiliza kwa adabu huku nikitafuta mkasi. Kumbe nimeukalia.

Mimi! Fundi ambaye gauni la mazishi humfikia mteja wakati marehemu keshazikwa — ndiye nimfundishe mtu kupanga!

Lakini shule ya hapa mtaani imesema Serwaa ataitwa kujaribiwa baada ya wiki moja hivi. Akianza kazi na kuimaliza bila kusukumwa, ana nafasi muhula ujao. Ana miaka tisa. Shule mbili zimeshamrudisha. Ya tatu sijui nitaipata wapi.

Jumatatu, 6 Mei

Chati ya Opoku ya kuvaa ina picha ya mtoto akivaa koti zito la baridi. Serwaa kavaa gauni, kavaa viatu, kaitazama picha, kisha kaingia chumbani kutafuta koti. Kwa joto hili la Kumasi! Mwezi wa tano! Kafuata hatua zote barabara. Mjinga ni chati.

Nana, mama mkwe wangu, kacheka mpaka kakaa chini. "Ya nini kumtesa mtoto? Kwani mikono yangu imekatika?" Kisha akamvua viatu, akamvalisha upya, akamfunga hata kamba za viatu. Angeweza angemtafunia na chakula.

Alhamisi, 9 Mei

Nimechora chati yangu. Hapa kwangu wageni hawaishi kuja, basi nikachora kumpokea mgeni kwa desturi yetu. Kiti. Maji. Umuulize amekuja na lipi. Umsikilize mpaka amalize. Serwaa kasema kiti changu ni mbuzi. Kweli, kina mkia.

Mteja wa kwanza: kiti kapewa, maji yakasahaulika. Ulimi ukaniwasha. Opoku kasema nihesabu hadi kumi kabla ya kusaidia. Nimefika sita.

Wa pili, maji yamefika, nusu yapo sakafuni. Wa tatu — zote nne! Peke yake!

Jioni Nana karudi kutoka kanisani. Kapewa kiti, kapewa maji, kaulizwa amekuja na lipi. "Nimekuja kwangu!" Serwaa kasubiri. Ikabidi bibi wa watu aeleze safari yake yote, na mahubiri juu.

Jumanne, 14 Mei

Shuleni. Nisiandike. Naandika.

Tumeingia ofisini. Madam Boatemaa, mwalimu mkuu, hakuinua macho. "Panga hizi kadi, kubwa mpaka ndogo." Hakuna kiti. Hakuna maji. Hakuna "mmekuja na lipi". Serwaa kasimama tu. Nilijua anangoja nini: apokewe kwanza! Na Madam kalelewa hivyo hivyo, ila ofisi ni ofisi. Ningemweleza Madam kwa neno moja tu. Badala yake mikono yangu ikaenda mezani, ikapanga kadi. Zote. Vizuri sana.

"Mama Serwaa," Madam kaniambia, "hiyo nafasi nimwandikie nani, mtoto au wewe?"

Kaandika kitu. Kasema kuna kikao, jibu ataleta mwenyewe Ijumaa.

Nimelia njia nzima. Serwaa ndiye aliyekumbuka kituo chetu cha kushuka.

Ijumaa, 17 Mei

Madam yupo sebuleni sasa hivi. Naandikia jikoni, juu ya mfuniko wa ndoo.

Alipobisha tu nikaanza: "Madam, juzi ile ilikuwa mimi, mtoto hana kosa —" Serwaa kaninyooshea kiganja. "Mama. Bado."

Kaleta kiti. Kaenda. Karudi na maji, mkono wa kulia, hata tone halijamwagika. Madam kanywa, kanigeukia mimi. "Mama Serwaa, kikao kimeona —"

"Bado," Serwaa kasema.

Kasimama wima, kama Nana anavyofanya. "Kwetu hapa kwema. Wewe ndiye uliye safarini. Umekuja na lipi?"

Hapo ndipo nikakimbia. Ningebaki ningejibu mimi. Nana naye anataka kwenda kumsaidia. Nimemshika khanga, ananipiga vikofi, simwachi.

Kupitia pazia naona bahasha mapajani kwa Madam. Imefungwa kwa gundi. Jibu limeshaandikwa, basi, na kwa uso ule si jema. Ila ameulizwa na mwenye nyumba, na maji ya watu kayanywa. Lazima aseme kwa mdomo.

"Serwaa," kaanza. "Unajua, shule yetu…" Kaigeuza bahasha. "Serwaa, sisi walimu…" Kaigeuza tena.

Serwaa kakaa mbele yake, mikono mapajani, anamtazama. Hana haraka hata kidogo.

"Sema tu, Madam," kamwambia. "Nasikiliza."