Sensa ya Gari la Mkunga

Jumamosi, 4 Mei

Mimi ni mtu wa bahati, niandike hapa iwe kumbukumbu. Leo peke yake: mvua imenyesha ng'ambo ya barabara tu, kwangu kavu. Mteja aliyekuja amenuna kaondoka anacheka. Halafu plagi ikaniponyoka, ikapiga sakafu, ikaruka mara mbili kama mpira. Nikaiokota — nzima, haina hata mkwaruzo. Nikaifunga, nikazungusha ufunguo mara moja tu, injini ikaitika. Ingekuwa ya mtu mwingine ingepasuka vipande. Vitu vinaniogopa mimi.

Lilikuwa gari la Mkunga. Mama huyu ndiye aliyewapokea wanangu wote watatu, kwa hiyo gari lake halilipi kitu kwenye gereji yangu, na asithubutu kuuliza. Nimebadilisha oili, chujio la hewa na plagi zote nne. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba wa kazi magotini, anatazama saa. Nikamwambia, mama, dakika ishirini. Nikatumia kumi na nane.

Shemeji yangu Mita alikuwa bado anahangaika na taa moja ya nyuma ya gari lingine. Ni mdogo wake mke wangu. Tunamwita Mita kwa sababu hatembei bila ile mita yake ya umeme shingoni, nadhani hata chai anaipima kabla hajainywa. Kazi anaijua, sikatai. Lakini polepole! Mimi shule niliishia darasa la sita, nikaendesha malori kwenye nchi nne, na injini naisikiliza kwa sikio langu hili. Ndiyo maana mtaa mzima wananiita Sikio.

Jumatatu, 6 Mei

Mkunga karudi. Taa ya injini imewaka. Anasema kwenye mlima wa hospitali gari linakohoa, linavuta, linaacha, linavuta tena. Tambarare halina neno. Nikalisikiliza likiwa limesimama — linakoroma kama paka aliyeshiba.

Mita akachomeka mashine ya kusomea chini ya usukani. Ikasema sensa ya oksijeni. Hewa imezidi kwenye moshi.

Sasa, sensa hiyo aliifunga nani wiki tatu zilizopita? Mita. Nani aliinunua? Mita, peke yake, kwenye duka analolijua yeye. Boksi lake sikuliona.

Sisemi kitu. Naandika tu.

Jumanne, 7 Mei

Nimemuuliza boksi la sensa liko wapi. Nimemuuliza kwa mzaha, huku namimina chai. Akasema hakumbuki. Nani hakumbuki boksi la kitu kipya? Mimi boksi la redio niliyonunua mwaka niliooa ninalo mpaka leo, na redio yenyewe ilishakufa.

Akaanza kunieleza. Anapenda kueleza. Eti sensa ni pua tu, imekaa kwenye bomba la moshi inanusa. Silinda moja isipowaka, hewa yake inapita mbichi mpaka kwenye bomba, pua inainusa, inalalamika.

"Shemeji, pua haina kosa. Tumtafute anayenuka."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ila kwa meno tu.

Halafu akachomeka nyaya za mita yake kwenye sensa, akapuliza kidogo ile dawa ya kusafishia injini kwenye njia ya hewa. Namba zikapanda kutoka karibu na sifuri mpaka karibu na moja, zikashuka. Akasema, umeona, iko hai, inajibu. Chupa ya dawa alikuwa nayo tayari mfukoni. Mtu asiye na hatia hatembei na ushahidi.

Jumatano, 8 Mei

Nimeing'oa ile sensa na kuiweka kwenye droo ya meza yangu. Nimefunga nyingine niliyoitoa kwenye gari langu mwenyewe. Hiyo naijua, ni nzima, nimeishi nayo. Mkunga kaondoka ananipungia mkono. Gari langu limebaki na tundu, nitakwenda kwa miguu, si kitu, tumbo limezidi.

Jioni jikoni nimemwambia mke wangu kuna watu wanauza vitu vipya na kuwafungia wenzao vya zamani. Akauliza watu gani. Nikasema watu. Akaendelea kukata vitunguu, ila kisu kikaanza kuwa na sauti.

Alhamisi, 9 Mei

Gari limezimika mlimani.

Mkunga kaumaliza mlima kwa miguu, mkoba mkononi, na huko wodini mama mmoja hakuweza kumsubiri. Mtoto kadakwa na mfagiaji. Wote wazima, Mungu mkubwa. Mkunga hakunigombeza. Alikuja akakaa kwenye kiti kile kile cha plastiki akasema, "Sikio mwanangu, niambie tu. Nikuamini, au nianze kutembea?" Heri angenitukana.

Mashine sasa inasema mambo mawili. La kwanza lile lile, hewa imezidi kwenye moshi. La pili, silinda ya tatu inamisi, haiwaki inavyotakiwa. Na sensa ni yangu, nzima!

Nimewaza mpaka chai imepoa. Nani alishika nyaya za sensa Jumanne? Mtu anaweza kuulegeza waya mmoja makusudi, ili aonekane yeye tu ndiye anayejua kuukaza. Zamani nilipokuwa na malori niliona fundi wa kreni anafanya mchezo huo mwaka mzima, na kila mara bosi anamshukuru.

Ijumaa, 10 Mei

Leo Mita kaja na kingine. Kachukua koili ya silinda ya tatu, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, kaihamishia silinda ya kwanza, na ya kwanza kaileta ya tatu. Akasema ugonjwa ukihama na koili, koili ndiyo mbovu. Ukibaki pale pale, koili haina kesi.

Tukapanda mlima, mimi kwenye usukani, yeye na mashine mapajani. Likakohoa. Silinda ya tatu vile vile.

"Koili imeshinda kesi," akasema. "Sasa nifungue plagi."

Nikamwambia plagi ni mpya.

"Hata mpya huwa mbovu, shemeji."

Nikamwambia plagi nimezifunga mimi, kwa mikono hii.

Akanitazama. Alinitazama muda mrefu kuliko inavyofaa kumtazama mume wa dada yako. Nikasema ni injekta, haimwagi mafuta sawasawa. Tumetumia siku nzima kuziosha. Zilikuwa safi kama vijiko vya wageni.

Kwa nini anaing'ang'ania hivyo hiyo plagi? Anatafuta nini?

Jumamosi, 11 Mei

Nimeyasema.

Mkunga alikuwepo, na fundi rangi wa gereji ya jirani alikuwa amekuja kuazima jeki. Mita akasema kwa mara ya tatu, nifungue plagi, ni kazi ya dakika tano. Yakanitoka yote. Kwamba sensa mpya iliuzwa, ya zamani ikafungwa. Kwamba nyaya zimechezewa. Kwamba ndani ya gereji yangu kuna mtu anakula kwa mikono miwili.

Nilitaka apige kelele, ningejua pa kushika. Hakupiga. Alivua mita shingoni, akazikunja nyaya zake taratibu kama afanyavyo kila jioni, akaiweka mita mezani kwangu.

"Endelea nayo, shemeji. Yenyewe haijui ndugu."

Akabeba sanduku lake la bisibisi, akaenda. Miaka kumi na moja. Alipokuja alikuwa hajui kufungua hata tairi. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika spana, na siku alipovunjika mguu mimi ndiye niliyembeba mgongoni ngazi tatu za nyumba yake.

Fundi rangi akasema, "Sikio, umemfukuza daktari, umebaki na ugonjwa."

Mkunga kasema atakuja Jumatatu saa kumi, na kwamba kuanzia Jumanne ana zamu za wiki mbili, asubuhi mapema, mlima ule ule.

Jumapili, 12 Mei

Sahani yangu imewekwa peke yake mwisho wa meza, kama ya mgeni ambaye hajulikani ataondoka lini.

Baada ya kula mke wangu akauliza, "Ndugu yangu ni mwizi?"

Nikasema neno mwizi sijalitamka.

"Ulitamka lipi?"

Nikamwambia.

"Watu wanakuita Sikio," akasema. "Sijui la nini."

Akaenda chumbani kwa watoto, akarudi na kiboksi, akakiweka mbele yangu. Ndani vifungo vya mashati na penseli fupifupi. Mjomba alimpa kitinda mimba wetu achezee. Kwa nje pameandikwa sensa ya oksijeni, na namba ndefu chini yake.

Nimetoka na kiboksi mfukoni, nimekwenda gereji kwa miguu, nimefungua droo. Namba iliyochongwa kwenye ile sensa niliyoing'oa ni hiyo hiyo. Tarakimu zote, nimezisoma kwa kidole mara mbili. Sensa ilikuwa mpya. Ilikuwa yenyewe.

Lakini boksi mtu anaweza kulipata popote. Anaweza...

Jumatatu, 13 Mei

Naandika ofisini, mlango nimeufunga kwa komeo. Saa kumi kasoro dakika chache.

Mchana nilijaribu kila kitu kwanza. Nyaya za sensa nimezipima zote kwa mita ya Mita, mmoja mmoja, polepole. Hakuna uliolegea. Hakuna uliochezewa. Nikakaa kitako chini. Kisha nikafungua plagi ya tatu. Dakika tano, kama alivyosema.

Kwenye ile kauri nyeupe kuna mstari mweusi, mwembamba kama unywele, kutoka juu mpaka chini. Ni ufa. Cheche zilikuwa zinatorokea pembeni kwenye ufa badala ya kuruka kwenye ncha. Tambarare injini inavumilia. Mlimani, ikibanwa, cheche zote zinatoroka, silinda haiwaki, hewa mbichi inapita kwenye bomba. Na pua inasema ninanusa hewa. Ilisema kweli tangu siku ya kwanza. Zile sensa zote mbili zilisema kweli, na mashine, na mita, na yule mwenye mita.

Nawasikia nje. Mkunga amefika, na hakuja peke yake. Kapita kwa Mita akamtoa nyumbani.

"Ingia mwanangu, huyo ni ndugu yako."

"Nimekuja kuchukua mita yangu tu, mama. Kesho naanza pale stesheni."

"Kwenye ile gereji kubwa?"

"Ndiyo. Wameniuliza kwa nini nimeondoka kwa shemeji."

"Ukawaambia nini?"

"Nimewaambia tulichoka."

Amewaambia tulichoka. Hakusema nilimwita nini. Na fundi rangi ana mdomo kama spika, habari ya sensa itafika stesheni kabla ya Mita mwenyewe. Nani atampa funguo za gari mtu aliyefukuzwa na shemeji yake kwa wizi?

Plagi iko mfukoni mwangu. Plagi nyingine mpya nimeshaifunga, injini inakwenda vizuri, nimeijaribu mlimani mara mbili. Naweza kufungua mlango nikacheka, nikasema tatizo nimelipata, ilikuwa plagi ya kiwandani, mbovu tangu kwenye boksi, nani angejua. Wangeamini. Mita angeamini, au angenitazama vile tena halafu akanyamaza, kwa heshima ya dada yake.

Anagonga. "Shemeji, naomba mita."

Nimesema subiri. Nimefungua daftari hili nyuma, kurasa chache, Jumamosi ile ya tarehe nne. Nimeisoma. Mwandiko mzuri kweli, wa mtu aliyefurahi.

Mkunga alikuwa anatazama saa. Ilikuwa plagi ya mwisho kwenye boksi. Nilikuwa nimeshasema dakika ishirini.

Anagonga tena.

Plagi ilipoanguka haikutoka nzima. Sina bahati yoyote. Ufa niliuona, nikaufuta kwa kidole nikiomba uwe uchafu, haukufutika, nikaifunga.