Geji ya Mafuta Uliyoikataa

Baba,

Ni wiki ya saba tangu tukupeleke kijijini kukuzika, na leo nimemaliza kuichora ile geji ya mafuta. Inasomeka. Nimesimama kule mlangoni, mbali na televisheni, nikasoma namba zote bila kukaza macho. Hapakuwa na mtu wa kuniambia kama nimepatia.

Mama yupo. Amehamia chumba cha mbele, hataki kulala kwenye kitanda chenu. Televisheni yako bado iko ukutani hapa Kansanga, ile kubwa uliyosema ni kama ubao wa shule. Mama anataka niiuze. Bado sijaiuza.

Unakumbuka siku nilipokuwekea ile programu ya kompyuta ya kuigiza kurusha ndege, kwenye hiyo televisheni? Ulikuwa umestaafu, fundi wa ndege wa maisha yote, kwanza jeshini, halafu kwenye ile kampuni ya mizigo. Ulikuwa unashinda barazani ukisikiliza magari yanayopita barabara ya Ggaba na kutaja injini ipi inaumwa. Nilidhani nimekuletea furaha. Ukakaa kwenye kiti, ukashika usukani wa plastiki, ukaitazama dashibodi ya ndege iliyojaa skrini nzima. Kabla injini haijawaka ukasema, "Lamwaka, hii saa zote za dashibodi iko na ukungu. Mimi siwezi ruka na ukungu."

Nilicheka. Wewe hukucheka.

Basi tukaanza kazi. Mimi natengeneza kompyuta kule Kisenyi, lakini hili lilinitoa jasho. Kwanza nikagundua kwamba kompyuta ilikuwa inatuma picha ndogo, na televisheni inaivuta mpaka ienee. Nikazipatanisha. Ukasema, "Afadhali kidogo." Kisha nikaona televisheni nayo inajitia kunoa picha, inazungushia kila namba mstari mweupe. Nikaizima tabia hiyo. Ukasema, "Afadhali." Mwisho nikafika kwenye shina la tatizo: picha za hizo saa zilichorwa kwa ajili ya skrini ndogo, zina nukta chache, na nukta chache haziongezeki kwa kuvutwa. Ilibidi nizichore upya, moja moja, kwa ukubwa mara nne. Saa ya mwinuko, ya mwendo, dira, ya joto la injini. Kila nikitoka kazini nilikukuta umeshafuta miwani, unanisubiri. Mshale ukiwa mnene uliukataa. "Hiyo mshale inaongopa," ulisema. "Inafunika mistari miwili, wewe utasoma gani?"

Nilikujua siku zile kuliko miaka yote ya kambi ya jeshi, ulipokuwa unakuja na kuondoka.

Ikabaki geji ya mafuta, ndogo, pembeni kabisa chini. Niliichora mara tatu, mara tatu ukaikataa. Nilikuwa nimechoka, Baba. Macho yaliniwasha, mgongo uliniuma. Nikakwambia, "Baba, inatosha bwana. Huu ni mchezo tu."

Ukavua miwani, ukaiweka mezani, ukaingia chumbani na kufunga mlango. Hukukaa tena kwenye kile kiti. Na mimi kwa kiburi changu sikuigusa tena geji. Wiki mbili nzima tuliongea habari za chumvi na umeme, basi. Kisha figo zikakulaza hospitali.

Ni kule wodini, asubuhi ile Mama alipokwenda kutafuta maji ya moto, ndipo uliponieleza habari za Opio. Nilimjua Opio kwa picha tu: rubani mrefu, mkono begani mwako, rafiki yako tangu jeshini. Ulisema siku ya safari yake ya mwisho kioo cha geji yake ya mafuta kilikuwa kimeingia ukungu, mshale ukionekana kama kivuli. Alikuuliza, "Ndugu yangu, hii geji iko namna gani?" Mizigo ilikuwa imeshafungwa, mmechelewa, na kuifungua dashibodi ni kazi ya nusu siku. Hata kijiti cha kupimia hukutumbukiza kwenye tangi. Ukamwambia, "Inatosha, enda."

Akaanguka na ndege kabla ya kufika uwanja aliokuwa akienda, tangi kavu. Waliochunguza wakaandika kwamba rubani hakuangalia mafuta yake. Ukaisoma karatasi ile. Ukanyamaza.

"Ni mimi nilimtuma," ulisema, ukageukia ukuta.

Nilitaka kukuomba radhi kwa neno nililokutupia. Neno lile lile, Baba, na mimi sikujua. Lakini Mama akaingia na chupa ya maji, nikainuka kumpokea. Kesho yake hukuweza tena kusema. Siku ya tatu tukakufunika uso.

Kwenye matanga hapa nyumbani, mjane wa Opio alikuja kutoka mtaa wa Namuwongo kwa miguu, na kifurushi cha sukari kichwani. Mama Apiyo. Alipika nasi siku mbili. Alinishika mikono akaniambia, "Watu walisema bwana yangu alikuwa mzembe. Watoto walisikia hivyo mpaka shuleni. Baba yako tu hakusema neno baya. Kila Krismasi alikuja kutuona." Akalia juu ya mikono yangu. Nami nilikuwa najua, na nikamwacha akulilie.

Nilidhani nikiimaliza geji kitu fulani kitatulia. Leo nimekaa kwenye kiti chako, nikajaza tangi, nikawasha injini. Kila kitu kilikuwa wazi, namba zote, mistari yote midogo. Nikaangalia kwa muda, kisha nikazima. Hakuna kilichotulia.

Mama nimemweleza yote. Amesema wafu waachwe, nisije nikalichafua jina lako wakati udongo wa kaburi haujakauka. Labda ana haki. Lakini watoto wa Opio ni watu wazima sasa, na bado wanaitwa watoto wa yule mzembe.

Jumapili, baada ya ibada, nitateremka Namuwongo. Nitamwambia Mama Apiyo kwamba mume wake aliangalia, akauliza, na wewe ndiye uliyemjibu. Najua nitamnyang'anya rafiki wa mwisho aliyedhani anaye. Huenda akanifukuza. Huenda wanawe wakaja hapa kumtukana Mama. Sina neno la kumpoza, na sitaomba akusamehe. Hilo silo langu kuomba.

Siwezi kukwambia ulale vizuri, Baba. Sijui kama unalala. Kwaheri. Nakuahidi nitalisema jina lako kwa sauti, mlangoni kwake, na nitakaposema ni baba yangu sitatazama chini.

Binti yako,
Lamwaka