Bupe Hajafungua

Mama,

Nesi amesema leo asubuhi kwamba Bupe amepungua. Nilidhani amekosea jina. Mgonjwa wetu ni Chola. Akasema, "Hapana. Huyu mudogo."

Unakumbuka mashavu ya Chola. Tangu tukuzike ameacha kula, na nesi anasema ni ugonjwa, si kiburi. Anafinyanga tonge moja la bukari mpaka sote tumalize, kisha analiacha ukingoni mwa sahani. Tukikaa kula, macho yote yako mkononi mwake. Kabwe siku hizi anakula nyuma ya nyumba. Anaona haya kuwa na njaa, yeye uliyekuwa ukimfukuza kwenye sufuria: "Weye, achia wenzako!"

Mwezi uliopita kina mama wa maombi walikuja kumwombea Chola. Wakatangaza funga. Ndiyo, Mama: mtoto hali, na nyumba nzima tukafunga. Niliona ajabu yake, nami nikafunga. Jioni tulifungua kwa chisense, wale samaki wadogo uliokuwa ukiwaanika Mununga.

Bupe hakufungua, siku ile wala zilizofuata. Uji wa shule anakunywa kidogo, nyumbani, hakuna. Tunakula sahani moja, na sote tulikuwa tunamtazama Chola.

Tulipotoka kliniki nilimwuliza kwa nini hakuniambia mimi, yaya wake, mkubwa wao wote. "Funga haitangazwi, Yaya. Pasta alisema. Nitafungua siku yaya Chola atakula."

Kitinda mimba wako, Mama.

Nyumbani nilimweleza Chola yote. Kwanza alifoka: "Nani alimutuma?" Kisha akakaa, akafinyanga tonge, akachovya, akamnyooshea Bupe. Bupe akabana midomo. "Weye kwanza."

Chola alitafuna nusu. Alichukua muda mrefu kumeza. Nusu nyingine akampa Bupe, naye akala. Kabwe akaja na sahani yake kutoka nyuma ya nyumba, akaketi. "Kuko mboga imebakia?"

Nusu tonge si kupona, na sitakuandikia kwamba ni kupona. Nesi amenionya: Bupe asifanywe dawa ya dada yake. Upepo wa ziwa unagonga bati, nami nimeshainuka mara kadhaa kuchungulia sufuria nione kama kuna aliyekula, kama mwizi.

Uliniachia watoto watatu, nikamlinda mmoja. Kuanzia sasa nitaangalia kila mkono unaoingia sahanini.

Pumzika, Mama. Jumatatu asubuhi nawapeleka kliniki Chola na Bupe. Kabwe pia atapanda kwenye mizani.